Wasomaji Wanauliza: Maikrowevu, Mionzi na Chakula cha Nyumbani

Barua nyingi zilizotufikia baada ya toleo lililopita zinahusu maikrowevu, kifaa ambacho miaka michache iliyopita kilionekana katika nyumba chache tu za Lubumbashi na sasa kinauzwa hadi pembeni mwa barabara. Karibu zote zinauliza juu ya mionzi. Nimechagua zile zinazosema kwa niaba ya nyingine, na nitakaa zaidi kwenye barua mbili za kwanza kwa kuwa ndizo zenye hofu kubwa. Wenye ujuzi wa fizikia watanivumilia pale nitakapoeleza mambo wanayoyajua tangu shuleni.

Swali. Bwana mjibu maswali, nakusalimu kutoka Kamalondo. Mwanangu anayefanya kazi Kolwezi ametuletea maikrowevu ili tupunguze matumizi ya makala (makaa ya kupikia). Mama mkwe wangu, aliyelelewa Likasi, amekataa kabisa kula kitu chochote kilichopashwa humo. Anasema mionzi yake ni ileile ya Shinkolobwe, kwamba inabaki ndani ya chakula na kuleta kansa taratibu. Nimeshindwa kumjibu. Je, ni kweli? — *Mama wa watoto wanne*

Jibu. Mama, nisalimie mama mkwe wako, na tafadhali usimcheke. Mtu aliyekulia Likasi amesikia tangu utotoni habari za mgodi wa Shinkolobwe, ulio karibu na mji huo, ambako Wabelgiji walichimba urani iliyotumiwa na Marekani kutengenezea mabomu ya atomiki ya mwaka 1945. Mgodi huo ulifungwa rasmi kwa amri ya rais mwaka 2004, na tahadhari juu ya mawe yake haijawahi kuwa hadithi ya kutishia watoto. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akiambiwa kwamba kuna sanduku jikoni linalotoa mionzi, ni haki yake kusimama na kuuliza.

Mionzi, hata hivyo, ni ya aina nyingi. Mawimbi ya redio yanayoleta habari za asubuhi ni mionzi, joto linalotoka kwenye mbabula, jiko letu la makala, ni mionzi, mwanga wa jua ni mionzi, eksirei ya hospitali ni mionzi, na gama inayotoka katika mawe ya urani ni mionzi pia. Kinachoitenganisha mionzi hiyo ni kiasi cha nishati kinachobebwa na kila chembe yake moja. Eksirei na gama zina chembe zenye nishati ya kutosha kung'oa elektroni kutoka katika atomu za mwili, na hivyo zinaweza kuvunja vinasaba vilivyo ndani ya seli. Huo ndio mwanzo wa kansa inayotokana na mionzi. Mionzi ya namna hiyo huitwa mionzi ya kuionisha. Maikrowevu ya nyumbani hutumia mawimbi ya megahezi 2450, ambayo urefu wake ni kama sentimita 12, na nishati ya chembe yake moja ni ndogo karibu mara milioni moja kuliko ile inayohitajika kung'oa elektroni. Hata chembe moja ya mwanga wa balbu inayokuwezesha kusoma gazeti hili usiku ina nishati kubwa zaidi ya chembe moja ya maikrowevu, kwa zaidi ya mara laki moja. Kuziongeza chembe hizo hakubadili jambo: zikiwa nyingi zinapasha joto zaidi, lakini hakuna hata moja kati yao inayopata uwezo wa kuvunja kinasaba.

Kuhusu kubaki ndani ya chakula, jibu ni hapana, na hapa sina haja ya kuzungukazunguka. Ndani ya maikrowevu mna kifaa kinachoitwa magnetroni, ambacho hugeuza umeme kuwa mawimbi. Mawimbi hayo huingia katika chakula na kuzifanya molekuli za maji, ambazo zina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi, zigeukegeuke kufuata mwelekeo wa wimbi unaobadilika mabilioni ya mara kwa kila sekunde. Katika kugeuka huko zinasukumana na jirani zake, na msukumano huo ndio joto. Magnetroni ikizimwa, mawimbi yanakwisha papo hapo, kama chumba kinavyoingia giza taa inapozimwa. Hakuna mtu anayeuliza mwanga umebaki wapi ndani ya kuta. Jiwe la urani ni jambo tofauti kabisa, kwa sababu atomu zake zenyewe zinavunjika na kutoa mionzi mchana na usiku bila kuchomekwa kwenye umeme wowote. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba chakula kilichopikwa kwa maikrowevu hakigeuki kuwa na mionzi.

Jambo moja linaweza kumpendeza mama mkwe. Urani ya Shinkolobwe na magnetroni ni vitu viwili vya vita ileile, Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Magnetroni yenye nguvu ilitengenezwa mwaka 1940 katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na John Randall na Harry Boot, kwa ajili ya rada za kutafuta ndege na nyambizi za adui. Mwaka 1945 mhandisi wa Marekani, Percy Spencer, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Raytheon, aligundua kwamba kitafunio kilichokuwa mfukoni mwake kimeyeyuka alipokuwa karibu na mtambo wa rada. Maikrowevu ya kwanza ya kuuzwa, ya mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa kilo 340 hivi. Kwa hiyo anayehisi kwamba kifaa hiki kina asili ya kivita hakukosea, ila kilitoka upande wa rada, si upande wa bomu.

Umeuliza pia juu ya kansa. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka mawimbi ya redio kwa jumla katika kundi la vitu ambavyo *huenda* vikasababisha kansa, na watu wengi wamesoma habari hiyo nusunusu. Mjadala ule ulihusu hasa simu za mkononi zinazoshikwa sikioni kwa saa nyingi, na kundi lenyewe ni la vitu ambavyo ushahidi wake ni mdogo. Haukuwa uamuzi juu ya chakula kilichopashwa. Ama vitamini, chakula kinachopashwa kwa dakika chache na kwa maji kidogo hupoteza vitamini C kidogo kuliko kinachochemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa. Sombe, yaani majani ya muhogo, iliyokwisha kutokota jikoni tangu asubuhi haina cha kulalamikia maikrowevu jioni.

Swali. Ndugu mhariri, nilinunua maikrowevu ya mitumba iliyopitia mpakani Kasumbalesa. Mlango ulikuwa haushiki vizuri. Fundi wa mtaani aliniambia swichi ya mlango imekufa, akaunganisha nyaya moja kwa moja, na sasa inafanya kazi hata mlango ukiwa umefunguka kidogo. Rafiki yangu alinishauri niweke simu ndani kisha niipigie. Ikiita, basi mionzi inavuja. Niliipigia, ikaita. Nifanyeje? — *Baba wa Katuba*

Jibu. Baba, ichomoe leo na usiitumie tena ikiwa katika hali hiyo. Sisemi hivyo kwa sababu ya simu. Jaribio la simu nitalieleza baadaye kidogo, na utaona kwamba halikukuambia chochote. Nasema hivyo kwa sababu ya zile nyaya.

Mlango wa maikrowevu ndio kinga yako yote. Ukiutazama kwa karibu utaona nyuma ya kioo bati lenye vitundu vidogo, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita moja au mbili. Wimbi la sentimita 12 haliwezi kupenya katika kitundu kama hicho, ilhali mwanga, ambao mawimbi yake ni mafupi mno, unapita bila shida. Ndiyo maana unaona sahani ikizunguka ndani na wewe huungui. Kwenye ukingo wa mlango, chini ya plastiki, kuna mfereji uliokatwa kwa kipimo cha karibu robo ya urefu wa wimbi, yaani kama sentimita 3, ambao kazi yake ni kuyarudisha ndani mawimbi yanayojaribu kutoroka pembeni. Hivyo usalama wa mlango hautegemei mpira kama wa fridji. Unategemea umbo: mlango usiopinda, bawaba zisizolegea, kioo kisichopasuka, ukingo usio na kutu wala mafuta yaliyoganda.

Pamoja na hayo, kila maikrowevu ina swichi zisizopungua mbili zinazokata umeme mara mlango unapofunguliwa, na mara nyingi ina ya tatu inayozichunga hizo mbili na kuunguza fyuzi ikiwa zimeshindwa. Watengenezaji waliweka swichi nyingi kiasi hicho kwa sababu walijua kwamba moja inaweza kuharibika. Fundi aliyeunganisha nyaya moja kwa moja ameondoa ulinzi wote kwa mkupuo, na sasa kilichobaki kati yako na wati 700 au 800 ni kukumbuka kufunga mlango. Mawimbi yenye nguvu hiyo, yakikupata kwa karibu, yanaunguza nyama ya ndani kabla ngozi haijakuonya. Macho ndiyo yanayoumia kwanza, kwa kuwa lenzi ya jicho haina damu ya kulipoza joto na inaweza kupata ukungu wa mtoto wa jicho. Makende pia huathirika na joto kwa urahisi. Hayo ndiyo madhara halisi ya maikrowevu kwa mwili, nayo ni ya kuungua. Mtu hapati hayo kwa kupita mbele ya kifaa kizima. Anayapata kwa kifaa kilichoharibiwa kama hicho chako.

Kifaa kizima huvuja kiasi gani? Sheria ya Marekani tangu mwaka 1971 inataka kwamba, katika maisha yote ya kifaa, kiasi kinachovuja kisizidi miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, kikipimwa umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye uso wake, na viwango vya kimataifa vinafuata kipimo hichohicho. Halafu umbali wenyewe unasaidia: ukisimama sentimita 50, unapata kama sehemu moja ya mia ya kile ungepata ukiwa sentimita 5, nacho ni chini sana ya kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa watu wa kawaida. Jirani mjamzito anayengoja chai yake akiwa amesimama upande wa pili wa meza hana la kuhofia kutoka kwa kifaa chenye mlango mzima.

Sasa simu. Simu imeundwa kunasa ishara dhaifu mno, za sehemu ndogo sana za wati, kutoka mnara ulio kilomita kadhaa. Mlango wa maikrowevu umeundwa ili kupunguza mawimbi hadi kiwango kisichomdhuru mtu, haukuundwa kuyazuia yasipite hata kidogo, na umekatwa kwa kipimo cha megahezi 2450 wakati simu nyingi hutumia masafa mengine. Simu ikiita ndani ya maikrowevu mpya kabisa, bado maikrowevu hiyo inaweza kuwa salama. Kwa sababu hiyohiyo, wale wanaolalamika kwamba intaneti ya Wi-Fi inakwamakwama wakati chakula kinapashwa wasihofu. Wi-Fi ya kawaida inatumia masafa ya jirani, na kiasi kidogo kisichoweza kupasha hata tone la maji kinatosha kuivuruga. Jambo la muhimu ni kutowasha kamwe kifaa hicho simu ikiwa ndani. Jaribio la kubana karatasi mlangoni, ambalo wengine wanalitumia, linafaa kwa fridji.

Fundi mwenye kipimo cha kuvuja anaweza kukupimia, na kama hakuna, macho yako yanatosha kwa mengi. Funga mlango uone kama unakaa sawasawa pande zote nne. Kwa kifaa ambacho swichi zake hazijaguswa (si hicho chako), ukiwasha kisha ukavuta mlango, kinapaswa kuzimika mara moja, bila hata sekunde ya kusitasita. Swichi mpya si ghali, lakini kama mlango umepinda, gharama ya kuubadilisha mara nyingi inakaribia bei ya kifaa kingine cha mitumba, na mimi ningekiacha.

Swali. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa umeme hapa mtaa wa Kenya. Wateja wanatuletea maikrowevu zilizokufa. Je, tukizichomoa kabla ya kufungua, tuko salama? — *Fundi mwanafunzi*

Jibu. Hapana, kijana wangu, na ningependa mwalimu wako naye asome jibu hili. Ndani ya maikrowevu ya kawaida mna transfoma nzito inayopandisha umeme wa volti 220 hadi volti elfu mbili au zaidi, na kapasita inayohifadhi chaji kwa nguvu hiyo. Kapasita inaweza kubaki na chaji baada ya kifaa kuchomolewa. Nyingi zina kirezista ndani yake cha kuimwaga chaji hiyo polepole, lakini kirezista kikifa, hakuna dalili yoyote ya nje itakayokuonya. Kati ya vifaa vyote vya jikoni ambavyo fundi wa redio na pasi huletewa, hiki ndicho kinachoweza kumuua akiwa ameketi kwenye benchi lake huku waya wa ukutani umelala sakafuni.

Anayefanya kazi hii huchomoa, hungoja, kisha humwaga chaji ya kapasita kwa kifaa chenye mpini uliokingwa vizuri na rezista inayofaa, na baada ya hapo hupima kwa mita inayostahimili volti hizo ili kuthibitisha, kwa sababu mita ndogo za bei rahisi haziwezi. Mkono mmoja hukaa mgongoni au mfukoni. Pete na saa ya chuma huvuliwa. Kama bado hujafundishwa kufanya hivyo mbele ya mtu anayejua, acha kifuniko kikiwa kimefungwa. Na zile transfoma ambazo vijana wanazing'oa ili watengeneze mashine za kuchomelea, wajue kwamba ule mzunguko wa volti nyingi haumpi mtu nafasi ya kujifunza kwa makosa.

Swali. Ninaishi Bel-Air na nina mtoto mchanga. Dada yangu ananiambia nisipashe maziwa ya mtoto kwa maikrowevu kwa sababu ya mionzi. Pia sahani zangu nyingi ni za melamini. — *Mama kijana*

Jibu. Dada yako ameshauri vema kwa sababu isiyo sahihi. Maikrowevu haipashi kila sehemu kwa usawa. Mawimbi yanaporuka kutoka ukuta hadi ukuta yanajumlishana mahali pamoja na kufutana mahali pengine, na ndiyo maana kuna sahani inayozunguka. Ndani ya chupa ya mtoto, maziwa ya katikati yanaweza kuwa ya moto sana wakati chupa yenyewe ukiishika mkononi ni ya uvuguvugu. Mtoto anaungua ulimi na koo, na mama hajui kwa nini analia. Kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa kuna sababu ya ziada: yakipata joto kali yanapoteza sehemu ya kinga inayomfanya mtoto awe na nguvu dhidi ya magonjwa. Weka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto kwa dakika chache, itikise, kisha dondosha tone upande wa ndani wa kiwiko cha mkono wako. Njia hiyo haihitaji umeme, jambo ambalo katika mji wetu lina faida yake.

Ama sahani za melamini, zile nzito zenye maua ambazo zinafanana na kaure na hazivunjiki zikianguka, usiziingize kabisa. Melamini ikipata joto kali, hasa ikiwa na chakula chenye uchachu wa nyanya au ndimu, inaweza kuachia kemikali zake katika chakula. Vikopo vya margarini na vya aiskrimu vimetengenezwa kwa chakula baridi na hulegea kwa joto. Ukivikuta vimepinda au vina alama nyeupe, ujue vimekwisha kuyeyuka kidogo. Mfuko wa plastiki wa kufunikia bukari (ugali) nao uondolewe. Kioo kinachovumilia joto, udongo uliochomwa vizuri usio na rangi ya dhahabu, na kaure vinafaa. Kwa plastiki, tafuta iliyoandikwa kwamba inafaa kwa maikrowevu, na hata hiyo, mimi binafsi napashia chakula katika bakuli la kioo. Chupa za watoto zenye bisfenoli A, kemikali inayotumiwa kutengenezea plastiki ngumu, zilipigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya mwaka 2011, na Marekani ikaacha kuziruhusu mwaka 2012. Lakini bidhaa za zamani husafiri mbali, kwa hiyo soma maandishi yaliyo chini ya chupa kabla ya kununua.

Swali. Mimi ni mzee wa miaka mingi, na nina kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo nilichowekewa Afrika Kusini. Watoto wamenunua maikrowevu. Je, nihame jikoni? — *Mzee wa mtaa wa Golf*

Jibu. Hapana, Baba. Onyo hilo lilikuwa na maana kwa vifaa vya zamani, ambavyo vingeweza kuvurugwa na mawimbi ya karibu. Vifaa vya sasa vimekingwa. Kaa umbali wa kawaida wa mtu anayengoja chakula chake, usiegemeze kifua mlangoni, na ukija kuhisi kizunguzungu au mapigo yasiyo ya kawaida, ondoka hapo na umwambie daktari wako. Yeye anajua aina ya kifaa ulichowekewa, mimi sijui.

Swali. Hapa Ruashi umeme unakatika sana. Wali na samaki wa jana vinalala nje ya fridji, asubuhi navipasha kwa maikrowevu hadi vinatoa moshi. Je, mionzi inaua vijidudu vyote? — *Msomaji wa Ruashi*

Jibu. Vijidudu haviuawi na mionzi ya maikrowevu, huuawa na joto, na joto lenyewe lazima lifike kila mahali. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kinapopashwa kifike nyuzi 70 za Selsiasi hadi katikati. Wali ndio unaonitia wasiwasi kuliko samaki. Kuna kijidudu kinachoitwa *Bacillus cereus*, ambacho mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukilala nje usiku kucha, mbegu hizo zinaota, vijidudu vinaongezeka, na vinaweza kuacha sumu ambayo haiharibiki hata wali ukipashwa tena hadi uvuke. Mvuke unaouona asubuhi hauondoi sumu iliyotengenezwa saa tisa za usiku. Wali uliolala nje kwa saa hizo ni wa kutupa, hata kama hauna harufu. Najua bei ya mchele sokoni, na nasema hivyo nikijua.

Jambo la pili katika swali lako hulisemi, lakini linahusika. Umeme wetu, hata unapokuwepo, mara nyingi uko chini ya volti 220, hasa jioni. Maikrowevu ya kawaida ikipata volti pungufu, mawimbi yake yanapungua nguvu sana, wakati saa yake inahesabu dakika zilezile. Kwa hiyo dakika tatu zilizoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo zinaweza kuwa za kutosha Johannesburg na zisitoshe Ruashi saa moja ya jioni. Unaweza kupima mwenyewe. Weka lita moja ya maji ya kawaida katika bakuli kubwa la kioo, pima joto lake kwa kipimajoto cha jikoni (kile cha homa kinaishia nyuzi 42 na kitapasuka), washa kwa nguvu kamili kwa dakika moja kamili, koroga, pima tena. Zidisha tofauti ya nyuzi kwa 70. Maji yakipanda nyuzi 10, kifaa chako kinatoa wati 700 hivi; yakipanda nyuzi 5, kinatoa kama nusu ya hiyo, na muda wa kupasha unapaswa kurefushwa ipasavyo. Fanya jaribio hilo mchana, kisha ulirudie jioni majirani wote wakiwa wamewasha.

Mawimbi hayapenyi sana; hufika sentimita moja hadi tatu hivi ndani ya chakula, na katikati hupata joto linalosafiri kutoka pembeni. Tandaza chakula badala ya kukirundika, kifunike ili mvuke usitoroke, kikoroge katikati ya muda, na ukiache dakika mbili kabla ya kula. Kipande kinene cha samaki kikatwe vipande viwili.

Swali. Katika kundi letu la WhatsApp kuna ujumbe kwamba Urusi ilipiga marufuku maikrowevu mwaka 1976, na kwamba mmea ukimwagiliwa maji ya maikrowevu unakufa. — *Mwalimu*

Jibu. Ujumbe huo umezunguka dunia kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuonyesha amri yenyewe. Chenye ukweli kidogo ni kwamba Umoja wa Kisovieti uliweka kwa wafanyakazi viwango vikali vya mawimbi kuliko vile vya Marekani, na watu wakageuza kiwango kuwa marufuku. Kuhusu mmea, wape wanafunzi wako kazi: miche mitano imwagiliwe maji yaliyochemshwa kwa maikrowevu, mitano maji yaliyochemshwa kwa makala, mitano maji ya bomba, yote yakiwa yamepoa kwanza. Hakikisha anayemwagilia hajui maji yapi ni yapi, na mche mmoja ukinyauka usiharakishe kuhukumu kabla hujaangalia ile mingine minne.

Swali. Nachemsha maji ya kahawa katika kikombe. Juzi maji yalikuwa yametulia kabisa, nikatia kijiko cha kahawa, yakaruka yote juu ya mkono wangu. Je, kifaa kimeharibika? — *Mwanafunzi wa chuo*

Jibu. Kifaa ni kizima. Maji yakipashwa katika kikombe kilaini na kisafi yanaweza kupita nyuzi 100 bila kutoa hata povu moja, kwa kuwa hayakupata mahali pa kuanzia kuchemka. Ukitia kahawa au sukari, yanachemka yote kwa mara moja. Hilo linatokea zaidi kwa maji yaliyopashwa mara ya pili bila kuguswa. Tia kijiti cha mbao au kijiko cha plastiki kinachovumilia joto ndani ya kikombe kabla ya kuwasha, usizidishe dakika, na uyaache maji nusu dakika mlango ukiwa umefungwa kabla ya kuyatoa. Mkono wako uumwagie maji baridi ya bomba kwa dakika 20 mara tu unapoungua, usipake dawa ya meno, na kama malengelenge uliyopata juzi yamepasuka au yana usaha, nenda zahanati bila kungoja toleo lijalo.